Tumhakiki "Askari wa Mwili"

Mwaka jana shangazi yangu alinipigia simu akitokea kliniki, sauti imejaa furaha. "Baba, askari wangu wamefika 612!" Nikampongeza, tukacheka, nikarudi kwenye kazi zangu. Kabla ya kukata simu alisema jambo ambalo nililisikia kwa sikio moja tu: "Sasa nipumzike kidogo na hivi vidonge."

Akapumzika kweli. Miezi kadhaa baadaye akatokwa na mkanda wa jeshi ubavuni, malengelenge yamejipanga upande mmoja, hata kanga ikimgusa anauma meno. Ndipo familia tukajua kwamba alikuwa ameacha ARV.

Mimi nasomea kinga ya mwili, ndiyo shahada yangu ya uzamili, kwa hiyo nilitumwa mimi nikaongee naye. Nilikwenda na somo langu kichwani, lakini aliyefundishwa siku ile ni mimi. Aliniambia hivi: "Nyie wenyewe mlisema virusi vinaua askari, na dawa zinasaidia askari waongezeke. Wameongezeka. Jeshi likishajaa, unaendelea kuandikisha wa nini?"

Nikaitafuta kasoro kwenye hoja yake, nikaikosa. Hoja imenyooka. Kasoro iko kwenye picha tuliyompa, naye akaitumia kwa uaminifu kuliko sisi tuliompa.

Basi leo, msomaji, tufanye kile tulichokuwa tunafanya kwenye kipindi cha Kiswahili: uhakiki. Unakumbuka mwalimu anakupa shairi, anakuuliza sitiari hii inaonyesha nini na inaficha nini? Mimi nataka tuihakiki sitiari ambayo karibu sote tumekua nayo: chembechembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Nataka tuipime kwenye kazi moja tu, ile ya kuua seli zilizoingiwa na virusi, maana hapo ndipo inapochechemea zaidi.

Kwanza tuipe haki yake

Sitiari hii si ya kipuuzi. Jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyeanza kusikia habari za UKIMWI miaka ya 1980 au 1990. Inakuwaje mtu aambukizwe leo, akae miaka mingi akionekana mzima, halafu aje kuuawa na kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo? Askari walijibu swali hilo kwa pumzi moja. Virusi vinawamaliza walinzi kidogo kidogo, walinzi wakiisha kila mwizi anaingia. Hata asiyejua kusoma alielewa, na wengi walikubali kupima na kuanza dawa kwa sababu ya picha hiyo. Kwa hilo, heshima yake ibaki.

Lakini sitiari haiji mikono mitupu. Ukisema "askari", umeshasema mambo manne bila kuyataja. Kwamba adui yuko nje, na askari anampiga adui. Kwamba askari alifundishwa kazi yake na mtu anayeijua. Kwamba askari akishahitimu anapokea amri na kwenda vitani. Na kwamba askari wengi ni bora kuliko wachache. Tuyapitie moja moja.

Adui yuko jikoni kwako

Kirusi hakina jiko. Ni maelekezo ya upishi tu, yamefungwa kwenye bahasha ya protini. Ili kizaliane lazima kiingie ndani ya seli yako na kutumia jiko lako, moto wako na unga wako. Kikiwa bado nje, kingamwili zinaweza kukinasa. Kikishaingia ndani, kingamwili hazina la kufanya, kwa sababu hazipenyi ndani ya seli.

Sasa hebu fikiria. Ukiwa mlangoni, utajuaje kuna mgeni jikoni? Mwili umelitatua jambo hili kwa njia ambayo mimi kila nikiisoma nashangaa upya. Karibu kila seli yako (seli nyekundu za damu hazimo kwenye utaratibu huu) hukatakata sehemu ya protini inazotengeneza, ikapata vipande vifupi vya amino asidi 8 hadi 10 hivi, ikavipandisha kwenye protini maalumu na kuvitoa nje ya ukuta wake. Protini hizo zinaitwa HLA. Kwa lugha nyepesi, fikiria mtaa ambao kila nyumba ina wajibu wa kuweka sinia barazani mchana kutwa, na kwenye sinia kuna kipande cha kila kinachopikwa ndani. Wali, maharage, mchicha, sawa. Siku kirusi kikianza kupikia humo, vipande vya protini zake navyo hutoka kwenye sinia, seli itake isitake.

Seli T za kuua, zile zenye alama ya CD8, ndizo zinazopita kukagua masinia hayo. Ikikuta kipande inachokitambua, seli T hujibana kwenye seli ile na kumwaga kemikali za aina mbili katika upenyo mdogo uliobaki kati yao. Ya kwanza, perforini, inatoboa. Ya pili, granizaimu, inaingia na kuamsha mpango wa kujiua ambao kila seli inao ndani yake tangu mwanzo. Seli iliyoambukizwa inajivunja kwa utaratibu, jiko linazimika, na seli T inaachia na kwenda nyumba nyingine.

Umeona kilichotokea? Aliyeuawa si kirusi. Aliyeuawa ni seli yako mwenyewe, yenye jeni zako, iliyokuwa ikifanya kazi kwenye ini au mapafu yako. Askari wetu hampigi risasi mvamizi, anabomoa nyumba ya raia. Sitiari ya askari inalificha hili kabisa, na hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari nzima.

Walioliona vizuri walikuwa vijana wawili katika maabara moja mjini Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1970: Peter Doherty, daktari wa mifugo kwa mafunzo, na Rolf Zinkernagel, daktari kutoka Uswisi. Walikuwa na virusi vya panya viitwavyo LCMV. Virusi hivi vina tabia ya ajabu. Vikiingia kwenye ubongo wa panya mzima wa afya, panya hufa kwa uvimbe kwenye utando wa ubongo. Lakini panya asiye na seli T hafi, anaishi na virusi vyake. Yaani kinachomuua panya ni kinga yake yenyewe, ikizibomoa nyumba zilizoingiwa.

Wakataka kujua seli T hizo zinaona nini hasa. Wakachukua seli T za panya aliyeambukizwa, wakaziweka pamoja na seli zilizoambukizwa ambazo zilikuwa zimejazwa kromiamu yenye mionzi. Seli ikipasuka, kromiamu inavuja kwenye maji, unaipima. Ilipokuwa seli ya panya wa ukoo uleule, ilipasuka. Ilipokuwa ya panya wa ukoo mwingine, yenye virusi vilevile kabisa, haikuguswa.

Virusi ni vilevile, na bado seli T ilipita kama haijaona kitu! Maana yake haikuwa inatafuta kirusi peke yake. Ilikuwa inasoma vitu viwili kwa pamoja: kipande cha kigeni kikiwa kwenye sinia la nyumbani. Ukimpa sinia la ukoo mwingine, hajui kulisoma. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1974 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Ukiiweka sitiari yetu kwenye jaribio lile, inashindwa papo hapo, kwa sababu askari angempiga adui popote amkutapo.

Hakuna depo, kuna mchujo

Jambo la pili: kufundishwa. Tunaposema seli za kinga "zinajifunza" kuua, akilini inakuja picha ya depo. Kuruta wanaamshwa alfajiri, wanapigishwa kwata, wanaonyeshwa picha ya adui, wanahitimu. Hata baadhi ya vitabu huiita tezi ya thaimasi "shule ya seli T". Na herufi T yenyewe imetoka kwenye jina la tezi hiyo.

Thaimasi iko nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa haina kazi. Mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya kazi London, alionyesha kwamba panya wakitolewa thaimasi mara tu wanapozaliwa, hukua bila uwezo wa kupambana na maambukizi, na hata ngozi ya panya mgeni ukiwabandika wanaipokea.

Kwa hiyo kinachotokea humo ni muhimu kupita kiasi. Lakini si shule. Seli changa zinatoka kwenye uboho, zikifika thaimasi kila moja inajitengenezea kipokezi chake kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa bahati nasibu. Hakuna anayeiambia itambue nini. Mamilioni ya seli, mamilioni ya vipokezi, vingi vikiwa havina maana yoyote. Kisha yanakuja majaribio mawili.

Jaribio la kwanza: unaweza kulisoma sinia la mtaa huu? Asiyeweza hapigwi wala hafukuzwi. Anaachwa tu, naye hufa kwa kukosa ishara ya kuendelea kuishi. Jaribio la pili ni kinyume chake: je, unashtuka mno ukiona chakula cha kawaida cha nyumbani? Anayeshtuka anauawa, maana akitoka huko atabomoa nyumba zisizo na hatia. Na ili jaribio hili liwe la haki, seli za thaimasi hufanya kitu cha ajabu. Zinatengeneza kidogo kidogo protini za viungo vingine, hata insulini ambayo kwa kawaida ni kazi ya kongosho, ili waombaji waonjeshwe mapema. Jeni inayosimamia onjo hilo inaitwa AIRE. Watu wachache wanaozaliwa ikiwa na hitilafu huja kushambuliwa na kinga yao wenyewe, kwenye tezi mbalimbali za mwili.

Katika mchujo huo zaidi ya asilimia 90 ya seli hufa. Wala humo ndani hakuna mtaala wa virusi. Wanaopona hawakufundishwa homa ya manjano, surua wala mafua. Kuna waliobahatika kuwa na kipokezi ambacho siku moja kitaingiana na kipande cha kirusi fulani. Kabla ya mwaka 2019, wewe tayari ulikuwa na seli chache ambazo vipokezi vyake vingeweza kutambua vipande vya virusi vya korona, ugonjwa ambao hakuna mtu aliyekuwa ameusikia.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu neno "kufundishwa" linatufanya tuamini kuwa kinga ni suala la juhudi. Askari mzembe anaweza kupigwa kwata zaidi. Lakini seli T isiyo na kipokezi kinachofaa huwezi kuifundisha kitu, hata ukinywa nini asubuhi. Unachoweza kubadilisha ni kinachofuata baadaye: nani ataitwa, ataitwa wapi, na kwa ishara gani.

Mitoki inavimba kwa sababu gani

Hapo ndipo penye kujifunza kwenyewe, kama neno hilo lina mahali pake. Seli T ya kuua iliyotoka thaimasi haijawa muuaji bado. Haina silaha. Inazunguka kwenye damu na kupita kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kwapani au kinenani tunaziita mitoki.

Kirusi kikiingia, tuseme kwa njia ya pua, kuna seli zenye matawi mengi zinazokaa mipakani ambazo huokota mabaki, zikasafiri hadi tezi ya limfu iliyo karibu na kuyaweka kwenye masinia yao. Humo ndani maelfu na maelfu ya seli T hupita, zinagusa, zinaendelea. Zinazoingiana na kipande kile ni chache mno. Na hata ikiingiana, haitoshi. Seli yenye matawi lazima iwe pia imetoa ishara ya hatari, kwamba kipande hiki kimetoka kwenye tukio kweli. Seli T ikikiona kipande bila ishara hiyo, mara nyingi hulegea na kukaa kimya. Ndiyo sababu chanjo nyingi huongezewa kitu cha kuamsha ishara ya hatari. Kipande peke yake kingepuuzwa.

Ishara zikikamilika, seli ile moja inaanza kugawanyika, mara kadhaa kwa siku. Ndani ya wiki moja wanaweza kufika makumi ya maelfu au zaidi. Wakati huohuo jeni za perforini na granizaimu zinawashwa na vifuko vya kemikali vinajaa. Hapo sasa ni muuaji. Ukijiuliza kwa nini homa ya virusi vipya inakulaza siku kadhaa kabla nafuu haijaja, sehemu kubwa ya jibu ni muda huu.

Sasa sikiliza kitu ambacho shangazi hakuwahi kuambiwa. Nani anaipa nguvu ile seli yenye matawi ili iwaamshe wauaji vizuri, na nani anawezesha kumbukumbu ibaki? Ni seli T saidizi, zenye alama ya CD4. Ndizo VVU vinazoingia na kuzimaliza. Ndizo zinazohesabiwa kliniki. Namba 612 ni idadi ya seli saidizi katika mikrolita moja ya damu, yaani tone dogo kuliko kichwa cha pini. Zile tunazoziita "askari" kwenye ubao wa kliniki, kwa sehemu kubwa, si wauaji. Ni waratibu. Ukiwa na wauaji bila waratibu, wauaji wanachoka mapema na kumbukumbu yao inakuwa dhaifu.

Na vita ikiisha? Jeshi la kawaida linarudi kambini. Hapa, zaidi ya asilimia 90 ya wauaji hujifia ndani ya wiki chache. Wachache wanabaki kama kumbukumbu. Kama una kadi ya njano, wewe ni mfano unaotembea. Chanjo ya homa ya manjano ni kirusi hai kilichodhoofishwa, iliyotengenezwa na Max Theiler na wenzake mwaka 1937, na watafiti wamezikuta seli T za kuua zenye kumbukumbu yake kwenye damu ya watu miaka mingi baada ya sindano moja. Ndiyo maana tangu mwaka 2016 cheti hicho kinahesabiwa kuwa cha maisha.

Wengi si lazima bora

Tumefika kwenye kosa lililomgharimu shangazi. Askari wengi, ulinzi bora. Hesabu rahisi. Tuipime kwa magonjwa mawili.

La kwanza ni homa ya ini aina B. Kirusi chake, kwa sehemu kubwa, hakiiui seli ya ini kinapoitumia. Macho ya manjano na ini kuumia vinatokana zaidi na seli T zikibomoa nyumba zilizoingiwa. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi kinga hushambulia kwa nguvu, anaumwa, kisha anapona. Wanaobaki na virusi ni chini ya asilimia 5. Mtoto mchanga akiambukizwa, kinga yake haishtuki sana, haonekani kuumwa, na karibu watoto 9 kati ya 10 hubaki na virusi. Halafu kuna watu wazima ambao kinga yao inapiga miaka na miaka bila kumaliza, ini linabomolewa na kujengwa upya mpaka linakuwa na makovu. Sasa niambie, kwa mgonjwa huyo wa mwisho, "kuongeza askari" ni dawa au ni mafuta kwenye moto?

Ndiyo maana mwili wenyewe una seli T zinazozuia nyingine. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2025 walipewa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kuonyesha kazi ya seli hizo za udhibiti na jeni inayoziendesha. Mtoto anayezaliwa bila seli hizo hapati ulinzi wa ziada, anashambuliwa na mwili wake mwenyewe. Ukipita mtaani ukauziwa chupa iliyoandikwa "huongeza kinga", uliza: inaongeza ipi?

La pili ni VVU vyenyewe. Wazo la shangazi, kwamba askari wakitosha unapumzika dawa, lilishawahi kupimwa kisayansi. Watafiti walikuwa na sababu nzuri: dawa za wakati ule zilikuwa na madhara, na kumpumzisha mgonjwa ilionekana ni huruma. Utafiti ulioitwa SMART uliwachukua watu 5,472 katika nchi 33. Kundi moja lilimeza dawa bila kukoma. Kundi la pili liliacha CD4 zikizidi 350 na kuanza tena zikishuka chini ya 250. Januari 2006 watafiti walisitisha kuandikisha watu wapya na kuwarudisha waliopumzika kwenye dawa, kwa sababu kundi hilo lilikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya kupata magonjwa nyemelezi au kufa. Hata magonjwa ya moyo, figo na ini yaliongezeka upande huo. Namba ya "askari" ilikuwa nzuri walipoacha. Namba haikuwalinda.

Kwa nini? Kwa sababu ARV haziandikishi askari. Kazi yake ni kuzuia kirusi kisijinakili. CD4 zinapanda kwa kuwa kirusi kimezuiwa, ni matokeo tu. Na kirusi hakijaondoka. Kimejificha ndani ya seli CD4 za kumbukumbu zinazoishi miaka mingi, kimetulia, hakipiki chochote. Jiko limezimwa, kwa hiyo kwenye sinia hakuna kipande. Mkaguzi anapita mlangoni mara mia, anaona maharage na mchicha, anaendelea na safari. Ukiacha dawa, moto unawashwa, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Tena VVU vina ujanja mwingine: vikianza kupika vinaondoa baadhi ya masinia barazani na kuacha mengine, kwa sababu kuna wakaguzi wa aina nyingine ambao huishuku nyumba isiyo na sinia kabisa.

Basi tumpe nani kazi hii?

Mhakiki akibomoa, aulizwe atajenga nini. Umeshaona nimekuwa nikitumia mtaa, sinia na wakaguzi. Nakiri kwamba nayo ina nyufa zake. Mkaguzi wa kawaida anajua vyakula vingi, huyu anajua kipande kimoja tu, ndiyo maana wanahitajika mamilioni. Nyumba haijibomoi yenyewe ikiguswa. Na mtaa una watu wenye nia, mwili hauna nia. Ukiikamua sana sitiari yangu, nayo itakudanganya.

Lakini kwa kazi hii moja naiona inadanganya kidogo zaidi. Inakuonyesha kwamba aliyehatarini ni jirani, si mvamizi peke yake. Inakuonyesha kwa nini kutambua ni kugumu kuliko kuua. Inaeleza jinsi kirusi kinavyoweza kuwepo bila kuonekana. Askari hawezi kueleza hata moja kati ya hayo bila kuongezewa maelezo mengi mpaka picha yenyewe ichanike.

Sisemi tuwafute askari kwenye mabango ya kliniki kesho asubuhi. Ninachoomba kwako, hasa wewe unayesoma udaktari, uuguzi au ualimu, ni kwamba ukimpa mtu picha, kaa naye kidogo uone anaipeleka wapi. Mwulize: "Sasa kwa maelezo haya, ungefanya nini namba ikipanda?" Mimi nilipaswa kumwuliza hivyo shangazi kwenye simu ile, badala ya kucheka.

Nilimweleza habari ya masinia tukiwa jikoni kwake, jambo lililosaidia. Alinyamaza, akageuza chapati, akasema: "Kumbe dawa ni ya kuzuia jiko lisiwashwe. Si ya kulisha askari." Nikamwambia ndiyo hivyo hasa. Amerudi kwenye dawa, na kipimo anachokiulizia siku hizi kwanza ni kiwango cha virusi kwenye damu, CD4 baadaye.

Halafu akaniuliza swali. "Na hizo nyumba zilizozima jiko, haziwezi kulazimishwa ziwashe, wakaguzi wakiwa mlangoni?"

Shangazi aliishia darasa la saba. Swali lake ndilo ambalo maabara nyingi duniani zimekuwa zikilifanyia kazi kwa miaka mingi: kumwamsha kirusi kwa dawa huku ARV zikizuia asisambae, ili seli T za kuua zimwone. Mpaka sasa kuamsha kumewezekana kwa kiasi fulani. Wakaguzi ndio hawajafanikiwa kuzimaliza nyumba zile, wengine kwa kuwa wamechoka, wengine kwa kuwa kirusi kilishabadilisha vipande wanavyovijua. Nikamjibu hivyo. Akasema, "Haya, someni," akaniwekea chapati ya pili.